Nilivyomtuma Wafula Chai kwa Miaka Kumi na Moja

Zuhura mama,

Barua ya heshima huanza kwa kuuliza hali. Yako naijua: umekaa kwenye kigoda pale soko la Jericho, wasusi wawili wanakuvuta kichwa huku na huku, na unalia bila kutoa sauti. Yangu pia unaijua: goti la kushoto limegoma, jicho la kulia linaona watu wawili mahali alipo mmoja, na mdomo ni mzima kabisa. Basi salamu zimekwisha, tuingie kazini.

Ndege yako ni kesho asubuhi. Mimi nimejifungia chumbani na mama yako anadhani nimesinzia baada ya chakula. Mwache adhani. Mambo ya sweta, chandarua, maji ya kuchemsha na wanaume wa kuwaogopa sitayagusa hapa, maana huyo mwanamke amekuandalia hotuba itakayokusindikiza mpaka ndani ya ndege. Ametia sufuria ya wali kwenye sanduku lako, kana kwamba huko Malawi watu wanapikia kwenye kofia. Nilijaribu kuitoa nikapigwa na mwiko. Nenda nayo tu.

Jumapili uliniachia kazi. Ulisema, "Baba, siku ya kwanza nitasimama mbele ya timu nzima. Madaktari, manesi, watu wa dawa ya usingizi, wote. Sitaki kuanza na mapicha ya ukutani. Niandikie ukurasa mmoja, jinsi ulivyomfundisha Wafula kazi, niwasomee." Ukanibusu kipara, ukaondoka. Ukurasa mmoja! Mimi niliyeacha shule darasa la sita, na hilo la sita lenyewe nilikaa dawati la nyuma nikila njugu.

Nimeuanza huo ukurasa mara nne. Mara ya kwanza nilikuwa mwalimu mzuri. Mara ya pili nilikuwa mzuri zaidi. Mara ya tatu hata mimi nilianza kujipenda, nikamwona yule mzee kwenye karatasi nikasema, huyu bwana angekuwa waziri. Nikachana. Ni uongo, mama. Ukienda kuusoma mbele ya watu wanaoshika watoto mikononi, uongo wangu utaingia kazini kwao. Kwa hiyo hupati ukurasa. Unapata barua, na ndani yake kuna kitu ambacho hukijui kuhusu mimi. Kaa chini, kama kichwa kinakuruhusu.

Wewe ulikulia kwenye kile kibanda changu, unakumbuka moshi wake. Lakini hukuwahi kuelewa kazi yenyewe, na kosa si lako. Nilikuwa natengeneza tindo za waashi wa mawe. Chuma ninatoa kwenye springi kuukuu za lori. Unakitia kwenye makaa, mmoja anazungusha feni ya mkono, chuma kinawaka, unakigonga kinachongoka. Hapo bado huna tindo, una kipande cha chuma chenye sura ya tindo. Uhai wake unatiwa mwishoni. Unakipasha tena mpaka kiwe chekundu, unazima mdomo wake tu kwenye maji, kama mtu anayeonja supu ya moto. Unakitoa, unakisugua haraka na jiwe king'ae. Sasa unangoja. Joto lililobaki nyuma linatembea kuja mbele, na linakuja na rangi. Kwanza ya majani makavu, halafu ya chai ya rangi, halafu ya biringanya. Biringanya ikigusa mdomo tu, unazamisha chuma chote. Ukiwahi, tindo inakuwa ngumu kama glasi, inapasuka. Ukichelewa, inakuwa laini, inapinda kwenye jiwe. Muda wenyewe ni wa kumeza mate mara nne au tano.

Na kila tulipofika hapo, nilikuwa nasema, "Wafula, kimbia ulete chai."

Miaka kumi na moja, Zuhura. Alikuja kwangu akiwa mtu mzima, ana mke na mtoto, katoka Bungoma na koti moja. Nilimfundisha kuchagua chuma kwa kukigonga na kusikiliza sauti. Nilimfundisha makaa, nyundo, pembe ya mdomo. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wangu, na hilo nililiona mwezi wa kwanza, nalo likanikaa hapa kooni. Kisha chuma kikiwa tayari kwa zile rangi, chai. Mama wa kibanda cha chai alikuwa akimwona anakuja na kikombe anacheka, "Wafula, fundi wako atakojoa mto!" Naye Wafula anacheka, anasubiri ijazwe, anarudi. Akirudi tindo imeshalala chini, imepoa, na mimi nafuta mikono kama mchawi aliyemaliza.

Utaniuliza kwa nini. Kwa sababu nami nilifanyiwa hivyo. Ndiyo desturi yetu mafundi wa zamani: unamfundisha mtu kila kitu ila kimoja, na hicho kimoja ndicho kinachomrudisha kwako kila asubuhi. Fundi wangu mimi alikuwa ananituma sigara. Rangi za chuma nilizipata kwa kuchungulia kupitia tundu la mabati, siku nyingi, mpaka jicho likavimba. Nikaona ni haki kabisa Wafula naye aibe kama nilivyoiba mimi. Tatizo ni kwamba Wafula hakuwa mwizi. Nikimwambia chai, analeta chai.

Halafu shangazi yako wa Kisumu akafariki, nikaenda kuzika, nikakaa siku tisa. Wewe ulikuwa kidato cha pili. Siku ya tatu akaja Mutua, yule fundi wa mawe mrefu aliyekuwa akikuita "Injinia". Alikuwa na kazi ya haraka ya ukuta, anataka tindo kumi na mbili. Wafula alimwambia mzee hayupo. Mutua akamwambia, "Kwani wewe miaka hii yote ulikuwa unapika?" Mwanaume akiulizwa swali kama hilo atafanya nini? Wafula akazitengeneza. Akapasha, akagonga, akachonga, zikang'aa. Akapasha tena zikawa nyekundu, akazizamisha zote majini mara moja, maana alijua mwishoni kuna maji. Zile rangi za katikati hakuwa ameziona hata siku moja. Alikuwa kwenye foleni ya chai.

Siku ya pili kazini, tindo moja ilipasuka mkononi mwa Mutua na kipande kikamwingia jicho la kushoto. Halikuona tena.

Nilirudi nikakuta watu wamejaa kibandani. Majirani, waashi wenzake Mutua, na Wafula amekaa juu ya fuawe, kichwa chini. Nikaokota zile tindo zilizobaki. Niligonga moja tu kwenye jiwe, ikalia kama kikombe cha glasi, na nikajua papo hapo kilichotokea. Nilijua kabla sijavua kofia. Na watu wananitazama, wanasema, "Mzee, ni nini hii?"

Nikasema, "Wafula ni mzembe. Nilimwambia asiguse kazi yangu."

Wafula akainua macho. Hakupiga kelele, hakuapa. Alisema hivi tu: "Fundi, nilifanya yote niliyoyaona."

Hakuna mtu mwingine pale aliyeelewa maneno hayo. Wao waliona ni mtu anajitetea. Mimi niliyasikia vizuri, nikamwambia achukue koti lake aende. Akaenda. Jioni hiyo wewe ulikataa kula, ukaniuliza kwa nini nimemfukuza Wafula aliyekuwa akikubeba mabegani siku za matope. Nikakwambia, "Mtu asiye makini ni hatari kazini." Ukalikamata hilo neno ukaondoka nalo. Siku ulipohitimu udaktari ulisimama mbele ya jamaa wote ukasema, "Baba ndiye aliyenifundisha kuwa makini." Watu wakapiga makofi. Mimi niliinama kufunga kamba za viatu, na siku ile nilikuwa nimevaa makubazi.

Miezi minne nilijifanya chuma. Wateja wakaja, nikafanya kazi peke yangu, na nitakwambia kitu cha kijinga: nikifika kwenye zile rangi, nilikuwa bado nageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu. Hakukuwa na mtu wa kumficha. Nilikuwa nayaficha mabati siri yangu.

Mwisho nikaenda kwake, mtaa wa Huruma. Alikuwa anakaa ghorofa ya tano, zile nyumba ambazo ngazi zake ziliundwa na mtu mwenye chuki na wazee. Nilifika juu sina pumzi. Mkewe akafungua mlango, akanitazama kutoka kofia mpaka viatu, akaita ndani, "Ni yule mzee wako." Hakusema karibu.

Wafula alikuwa ametoka kibarua, kiwanda cha plastiki huko Baba Dogo, mikono imebadilika rangi. Akanivutia kiti. Akasema, "Karibu, Fundi. Nikupe chai?"

Mama, sijui kama alinichokoza au ni adabu tu. Mpaka leo sijui na sitauliza.  Nikakaa pale kama mshtakiwa, nikamwambia yote: fundi wangu wa sigara, tundu la mabati, rangi ya biringanya, kila kitu. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono. Nilipomaliza ndiye aliyesema kwanza: "Kwa hivyo huyu si mzembe."

"Si mzembe," nikasema.

"Sema tena, watoto hawajasikia."

Nikasema tena, kwa sauti. Sijawahi kupewa adhabu fupi na nzito kama ile.

Jumamosi yake akaja kibandani. Nilisimama karibu yake, mahali ambapo hakuwa amewahi kusimama. Nikamwonyesha. Majani makavu, chai ya rangi, biringanya, zamisha. Akajaribu, akawahi. Akajaribu tena, akachelewa. Kufikia saa sita mchana alikuwa anazitoa nzuri kuliko zangu, moja baada ya nyingine, na mimi nimekaa kama mgeni. Akaweka koleo chini akatoka nje, akasimama akiangalia ukuta muda mrefu. Aliporudi akaniuliza, "Fundi, kumbe ni hii tu?"

"Ni hii tu."

Asubuhi moja. Nilichokificha miaka kumi na moja kilifundishika asubuhi moja, kabla hata muhogo wa kukaanga haujaanza kuuzwa.

Hapo ungesema hadithi imeisha vizuri, na wewe mwenyewe ndivyo ulivyodhani: uliona Wafula anakuja tena nyumbani Idd na Krismasi, ukajua mzee kasamehe. Hukujua nani alimsamehe nani. Sikumwambia mtu. Jericho nzima iliendelea kujua kwamba Wafula ndiye aliyemtoa Mutua jicho kwa uzembe. Mutua mwenyewe alijua hivyo. Wafula alifungua kibanda chake Baba Dogo na hakuwahi kunidai niseme. Nami nikajiambia ya kale yamelala, usiyaamshe. Miaka kumi na minane nimejiambia hivyo, na usingizi nimelala vizuri tu, sikudanganyi. Mwili hauna aibu.

Sasa tuje Jumapili, maana ndiyo iliyoniharibia raha.

Tulikuwa mezani. Ulituambia habari za safari yako iliyopita, zile wiki mbili, na yule Daktari Chisomo mwenye mvi, mpole, ambaye sasa unakwenda kukaa naye miaka miwili mpaka yeye na wenzake waweze kazi peke yao. Kazi yenu naielewa kwa namna yangu. Mtoto anazaliwa bila tundu la kutolea choo. Kwanza mnamfungulia njia tumboni ili aishi, halafu akipata nguvu mnamtengenezea njia yenyewe pale Mungu alipopasahau. Mnagusa nyama kwa kijiti chenye umeme kidogo, nyama inajikunja, na pale inapojikunja sawa pande zote ndipo katikati. Mkipakosa, mtoto ataishi lakini hataweza kujizuia. Atanuka darasani na atakaa peke yake. Umenieleza hivyo mara nyingi, nami nimekutania mara nyingi zaidi. Jirani yetu hapa alikuwa akiniuliza kila siku binti yangu ni daktari wa nini hasa, nikamchoka, nikamwambia, "Wa matako." Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniuliza polepole kama unaweza kumwona mjukuu wa dada yake, ambaye ana miaka saba na hawajawahi kumtoa nje wageni wakija. Tangu siku hiyo nacheka, lakini nusu.

Basi Jumapili ukatuambia, huku unamenya chungwa: "Daktari Chisomo ana kijiti mkononi, anagusa hapa, anagusa pale, hana uhakika. Saa inakwenda. Nikamwambia, Daktari, hebu niangalizie tena ile eksirei pale ukutani. Alipogeuka, mimi nikapata katikati, nikaweka alama, nikaanza kushona. Aliporudi kazi ngumu imekwisha, maskini. Akasema asante!"

Ukacheka. Mama yako akacheka. Mimi nikaomba nipewe chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yangu.

Zuhura, ulimtuma chai.

Najua utakavyojibu, nakusikia kutoka hapa: "Baba, mtoto alikuwa kwenye dawa ya usingizi, si chuma." Ni kweli. Mimi sijawahi kuingia chumba cha upasuaji ila siku ya ngiri yangu, na siku hiyo nilikuwa nimelala uchi nikikoroma, sikujifunza kitu. Pengine siku ile ilibidi uchukue kazi mkononi. Pengine dakika mbili zingemdhuru mtoto. Wewe ndiye unayejua, na kama ndivyo, mbele yake, macho yake yakiwa pale, ukamwambia, "Nachukua, tazama ninapogusa." Lakini hukumwambia atazame. Ulimgeuza akatazama ukuta. Na jambo lililonitisha ni jinsi ulivyosimulia kwa furaha, ile furaha naijua, nimeilamba miaka mingi. Ni tamu sana kuwa wewe peke yako unayejua mahali. Watu wanakupenda kwa ajili yake. Wanakusindikiza uwanja wa ndege na maua. Na siku umeondoka, shangazi kafariki Kisumu, mama analeta mtoto mlangoni, na Daktari Chisomo anafanya yote aliyoyaona.

Sikulala mchana siku mbili, na kwangu hilo ni jambo la kuitiwa daktari. Jumanne nikaenda kwa Mutua. Anakaa na bintiye karibu na kanisa, amestaafu, anafuga kuku. Nilimkuta anawalisha. Akasema, "Injinia anasafiri lini?" Nikasema Ijumaa, na kabla sijapoteza ujasiri nikamwambia: lile jicho ni mimi. Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe.

Aliendelea kumwaga mahindi mpaka bakuli likaisha. Halafu akasema, "Salim, mimi nimekutana na Wafula barabarani labda mara hamsini. Sijawahi kumsalimia."

"Najua."

"Hujui. Mazishi ya mamake nilipita na mchango wa kanisa, nikampa mwenzangu aingie. Mimi nikabaki nje ya mlango." Akanitazama na lile jicho moja, na nilitamani angekuwa nayo yote mawili, maana moja linachoma zaidi. "Wewe mzee ni mshenzi."

"Ndiyo."

"Na kipara chako pia."

"Hata hicho."

Nilifikiri atanifukuza, au atanipiga na lile bakuli, na ningekubali. Akaingia ndani, akatoka na koti na kofia. "Twende," akasema. Nikamuuliza wapi. "Wewe unadhani ni wapi? Na utakuwa nyuma yangu, usiongee mpaka nikuambie."

Tukaenda Baba Dogo. Karakana ya Wafula sasa iko nyuma ya viwanda, bati jipya, feni ya umeme. Ana watu sita anaowafundisha, na mmoja ni msichana anaitwa Achieng', ana mikono kama ya nyani, nakuambia kwa sifa. Tulipofika walikuwa kwenye zile rangi. Achieng' ameshika koleo, tindo inang'aa, na wale wengine watano wamejibana karibu naye mpaka wanakanyagana. Wafula amesimama nyuma yao wote, mikono yote miwili mfukoni.

Achieng' akasema, "Sasa?" Wafula hakujibu. "Wafula, sasa?" Akasema, "Macho ni yako." Achieng' akawahi. Akazamisha, ikalia vibaya, wote wakaguna. Wafula akasema, "Tena," kwa sauti ya mtu anayeomba kiberiti. Mikono haikutoka mfukoni.

Nilisahau kwamba nimeambiwa ninyamaze. Nikamuuliza, "Kwa nini unaweka mikono mfukoni?"

Akageuka, akatuona. Akamwona Mutua. Lakini alinijibu kwanza, ndivyo alivyo: "Nikiitoa itashika, Fundi."

Mutua akapita mbele yangu, akamnyooshea mkono, na ikabidi Wafula atoe wake. Sitakuambia waliyosemezana. Si kwamba naficha, ila walihamia nje na mimi nikaachwa ndani na vijana, na yule Achieng' akaniuliza, "Niaje mzee, wewe ndiye ulimfundisha mwalimu?" Nikasema ndiyo. Kisha nikasema, "Asubuhi moja." Hakuelewa. Nikamsimulia palepale, mbele ya wenzake, na walisikiliza huku tindo inapoa. Msichana akacheka, akasema, "Mzee, wewe ulikuwa mbaya!" Sijawahi kutukanwa nikajisikia mwepesi hivyo.

Nimeandika mengi na mkono unauma. Sikuandiki ili uogope. Ungekuwa mtu mbaya nisingejisumbua, ningekununulia karanga za safari. Wewe una mikono yangu, na bahati mbaya na moyo wangu pia umeuchukua kidogo, ile sehemu inayopenda kuitwa. Mama yako amekupa sehemu nyingine, nzuri zaidi, ndiyo inayokupeleka huko wakati wenzako wanafungua zahanati zenye chemchemi ya maji mlangoni.

Sijui nikushauri nini juu ya kazi usiyoweza kuweka mikono mfukoni. Ulinionyesha siku moja jinsi mnavyosimama mkishanawa, mmekunja mikono kifuani kama mapadre, msiguse kitu. Labda ndiyo mfuko wenu. Simama hivyo nyuma ya Daktari Chisomo, na ulimi wako uufunge pia, maana huo nao ni mkono, tena mrefu. Na usiishie kwa madaktari. Nesi anayebaki wodini na mtoto, yule wa dawa ya usingizi, yule anayemwonyesha mama jinsi ya kumtunza mtoto nyumbani ile njia isizibe tena, wote hao nao wanatumwa chai kila siku na watu wakubwa, na ukiwauliza utakuta wanajua vitu ambavyo hata wewe hujaviona. Nao wasogee karibu wakanyagane.

Siku hiyo ya kwanza, igeuze hii kwa Kiingereza uwasomee. Mpaka mwisho. Usiruke pale nilipomwita Wafula mzembe, na usinitengenezee maneno yakawa mazuri. Nimeona unavyosahihisha Kiswahili changu. Daktari Chisomo akisikia habari ya eksirei ataelewa, na itakubidi umwangalie usoni, na hapo mimi siwezi kukusaidia. Mwombe radhi tu. Haiui. Mimi nimejaribu mara tatu na bado nala ugali.

Halafu itafika siku, labda mwaka wa pili, umekaa nyumbani kwako huko unafua nguo, na mtu atapita akusimulie kwamba jana walimtengeneza mtoto, wakapata katikati, mtoto ananyonya, na hakuna aliyefikiria kukuita. Itakuuma, mama. Mimi siku ya kwanza mteja wangu wa zamani alipopita kibanda changu akienda kwa Wafula, niliumwa tumbo wiki nzima, mama yako akanipa mwarobaini bure. Wewe wacha iume. Maliza kufua, anika nguo. Kisha unipigie simu, saa yoyote, hata kama niko msalani nitaipokea, kwa maana hiyo ndiyo habari nitakayoingoja miaka miwili na sitaki nyingine.

Nasikia kicheko chako langoni. Mama yako anakuambia nywele zimekupendeza na nani kakutoza bei hiyo. Naikunja hii.

Babako,
Salim, fundi tindo